Papa nyundo tuliyemuua kwa kumwachia: kisa cha usiku mmoja ufukweni Florida

Naanza na mwisho, ili mtu asije akasoma mpaka chini akitegemea hadithi ya ushindi. Papa alikufa. Asubuhi ya saa moja na nusu mpwa wangu alimkuta amelala mchangani kama nusu kilomita kusini ya pale tulipomwachia, ndoana bado iko pembeni ya mdomo na kipande cha waya kinaning'inia, na sisi usiku ule tulikuwa tumeshapeana mikono na kupongezana kwamba kaenda zake salama.

Tulikuwa watatu. Mimi mtu wa Tanga, baba mdogo wangu alikuwa mvuvi wa jarife, ule wavu wa kunasia samaki wakubwa, kwahiyo papa nimewaona tangu nina miaka sita, ila wa kwetu nilikuwa nawaona wakiwa tayari vipande vimetandazwa juani vinukie mtaa mzima. Wa pili ni jamaa wa Mombasa, tumefahamiana hukuhuku Marekani, yeye ndo mwenye vifaa na ndo mwenye wazimu wa mambo haya. Wa tatu mpwa wangu, miaka 19, wakati huo alikuwa na mwezi mmoja tu tangu amalize ile kozi ya mtandaoni ya papa na kupata kibali. Kumbukeni hilo la kozi, tutarudi.

Mahali ni ufukwe mmoja wa kaunti ya Palm Beach, upande wa Atlantiki, mwezi wa tatu. Msimu wa baridi papa wa ncha nyeusi wanashuka kusini kwa maelfu na kujazana karibu kabisa na mchanga, watu wa Florida Atlantic University wamekuwa wakiwahesabu kwa ndege miaka na miaka, ukiona picha zao za kutoka juu utadhani mtu kamwaga pilipili manga kwenye maji. Na nyuma yao wanakuja wenye njaa, papa nyundo wakubwa, kuna video za droni zinaonyesha wale wadogo wanakimbilia maji ya magotini kumkwepa nyundo. Kwahiyo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kusema hakujua nyundo yupo. Tulijua. Tena jamaa wa Mombasa alisema njiani kwenye gari, "leo wakubwa wapo," anacheka.

Sasa vifaa, na hapa naomba mnivumilie maana kisa chote kiko hapa. Tulikuwa na fimbo tatu. Mbili nyepesi za kurushia kwa mkono, za kukamata ncha nyeusi wa futi nne tano. Ya tatu ilikuwa ya kati, rili ya kuzungushia pembeni saizi ya 8000, uzi wa kusuka wa ratili 50. Ukiwa na uzi wa ratili 50 breki ya rili unaiweka theluthi hivi, yaani kama kilo saba nane za kuvuta, ukizidisha unaanza kucheza na fundo. Kilo saba kwa papa wa futi tano ni nyingi, anachoka haraka unammaliza. Kwa papa wa futi kumi kilo saba ni kama mtoto amekushika shati sokoni, unaenda nae tu huku unaangalia bei za nyanya.

Saa mbili na nusu usiku tukaanza. Taa nyekundu kichwani maana kule kuanzia tarehe 1 Machi ni msimu wa kasa kupanda kutaga na taa nyeupe zinawachanganya, kwahiyo hata kuona ulikuwa unaona nusunusu. Mpwa wangu akatupa kipande cha mkizi, haikupita nusu saa akapata ncha nyeusi wa kama futi nne na nusu. Dakika tisa, papa kaja kwenye mawimbi, ndoana imeshika kona ya mdomo kama inavyotakiwa, plaizi, ikatoka, papa akaondoka kwa hasira amerusha maji usoni kwa kila mtu. Safi kabisa. Kama tungeondoka saa ile ningekuwa nawaandikia kitu kingine.

Ila jamaa wa Mombasa ule uvuvi wa dogo ulimuwasha. "Hawa watoto hawa," akasema, "ndugu yangu hatukuja na kayaki kuja kuangalia nyota." Kwenye boksi la barafu alikuwa na kichwa cha jodari mdogo, kikubwa kama kichwa cha mbuzi, akakitia kwenye ile fimbo ya kati akapanda kayaki akakipeleka nyuma ya tuta la pili la mchanga, mita mia mbili na zaidi, akakidondosha akarudi. Na mimi nilimshikia fimbo wakati anapiga kafi. Sikusema neno. Niliwaza tu yule mgaagaa na upwa wa methali, asiyekula wali mkavu, nikaona leo na sisi tumegaagaa vya kutosha acha tupate kitu.

Hapo ndo papa yule alipouliwa kwa maoni yangu, hajafika hata, yuko huko kilometa ngapi sijui anatafuta chakula chake. Chambo cha papa mkubwa kwenye vifaa vya papa mdogo. Kichwa cha namna ile ncha nyeusi wa futi tano anakipapasa tu, anayekimeza ni mtu mwingine kabisa, na huyo mtu mwingine hatukuwa na chochote cha kumletea ufukweni kwa muda unaofaa. Tulimwalika mgeni tusiyekuwa na kiti chake.

Saa nne kasoro kumi rili ikalia. Naijua saa kwa sababu dogo alianza kurekodi na simu, na ile video ndo imenisaidia kuandika haya maana kumbukumbu zetu watatu hazifanani hata kidogo. Mkimbio wa kwanza ulichukua uzi mpaka tukaanza kuona chini ya rili. Jamaa akavaa mkanda, akatembea nae kusini, akarudisha kidogo, papa akachukua tena, akarudisha, akachukua.

Dakika ya 35 kwenye video kuna mazungumzo ambayo nimeyasikiliza mara nyingi kuliko ninavyopenda. Jamaa anasema, "huyu mkubwa, sasa nifanyeje, nikaze?" na sauti inayomjibu ni yangu, "usikaze utakata, mpe muda achoke." Mpe muda achoke! Kwa mtu wa jarife hilo ndo jibu sahihi kabisa, kule papa akichoka kwenye wavu ndo furaha, anapandishwa mtumbwini hana nguvu ya kukung'ata. Kwa mtu anayetaka kumwachia ndo jibu baya kuliko yote. Nimekuja kumpigia baba mdogo kumsimulia, shikamoo marahaba za nyumbani mzima, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, akanyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, umempigania lisaa lizima na zaidi halafu unataka umwachie? Si ungemwacha tu tangu mwanzo." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Turudi dakika ya 35, maana kuna wajuaji watasema mngekata uzi mapema. Sio rahisi hivyo. Ukikata pale papa anaondoka na mita mia mbili na ushee za uzi zinamfuata, zinanasa kwenye mwamba, zinamzungushia mapezi, zinanasa kasa pia. Hilo nalo sio kumwachia. Kilichobaki ni kukaza breki mpaka moja kati ya mawili, ama aje ama likatike fundo linalounganisha uzi wa kusuka na ile nailoni nene ya mbele inayoishia kwenye waya wa ndoana. Likikatika pale papa anabaki na mita tano sita badala ya mia mbili, sio nzuri ila kwa hali ile ndo lilikuwa chaguo la heshima. Kwahiyo swali la jamaa lilikuwa la maana na alikuwa anaelekea kwenye jibu mwenyewe. Mimi ndo nilimtoa njiani.

Pigano lote, tangu rili ilie, lilichukua muda wa saa moja na dakika ishirini. Hebu uliangalie hilo kwa jicho la papa. Nyundo ni katika wale ambao lazima wasogee ndo wapumue, maji yaingie mdomoni yatoke kwenye matamvua kwa mwendo wake mwenyewe, hana ule uwezo wa kulala chini akavuta maji kwa misuli ya mashavu kama papa ndimu. Na nyundo akishikwa hajui kujihifadhi, anapigana kwa nguvu yake yote kuanzia dakika ya kwanza mpaka ya mwisho. Mwaka 2014 kuna utafiti wa watu wa University of Miami walilinganisha papa aina tano waliokamatwa kwenye maji ya kusini ya Florida na Bahamas, wakapima damu zao na kuwafuatilia baada ya kuwaachia, papa wa milia akatoka mgumu kuliko wote na nyundo mkubwa akatoka wa mwisho, damu imejaa asidi ya misuli kuchoka na ndiye aliyekuwa na uwezekano mdogo kuliko wenzake wa kuishi baada ya kuachiwa. Yaani ile picha ya papa kupiga mkia akaondoka haimaanishi chochote. Anaondoka na sumu yake mwilini, inammaliza baadae mahali ambapo wewe huna simu ya kurekodi.

Basi akafika kwenye mfereji kati ya tuta la kwanza na ufukwe. Maji yalikuwa yanakupwa, ya kule hayaendi mbali kama bamvua la Tanga lakini kupwa ni kupwa, kina kilikuwa kimebaki mapajani. Dogo ndo alieona pezi. Pezi la mgongoni la nyundo mkubwa ni refu limepinda kama mundu, ukishaliona mara moja hulichanganyi na la mwingine hata kwa taa nyekundu. Kwenye video anasikika, "Mjomba, nyundo huyo. Mjomba kata. Mjomba kata!"

Sheria ya pale iko wazi na dogo alikuwa nayo kichwani bado ya moto. Tangu Julai 1, 2019 Tume ya Samaki na Wanyamapori ya Florida imeweka kwamba anayevua papa akiwa ufukweni awe amepita kozi na awe na kibali, bure lakini kila mwaka unakitafuta upya, kumwaga damu na vipande vya samaki majini ili kuwaita papa ukiwa ufukweni ni marufuku, ndoana iwe ya duara isiyopinda pembeni na isiwe ya chuma kisichoshika kutu, uwe na kifaa cha kukatia waya au ndoana haraka, na papa wa aina zilizokatazwa abaki majini matamvua yamefunikwa na aachiwe bila kuchelewa. Nyundo mkubwa yuko kwenye orodha ya waliokatazwa kule tangu mwanzo wa 2012. Na kidunia amewekwa daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Tulikuwa na hivyo vitu vyote. Vibali vitatu kwenye simu. Ndoana ya duara, sawasawa. Mkasi wa kukatia chuma, tena mzuri wa mikono mirefu, ulikuwepo. Ulikuwepo ndani ya begi, na begi lilikuwa juu kwenye mchanga mkavu pembeni ya boksi la barafu pale tulipoanzia, na sisi wakati ule kwa kumfuata papa tulikuwa tumeshatembea kusini hatua mia na hamsini hivi. Nikakimbia. Mkimbie mchangani usiku muone, nina miaka 44 na tumbo.

Huku nyuma jamaa akashika ile nailoni nene akangoja wimbi likamleta papa mpaka mchanga wenye maji, maji yanakuja yanamfunika yanarudi yanamwacha wazi. "Picha moja tu," anasema kwenye video, "picha moja tu dogo, nisimamie hapa." Na dogo, sitamlaumu, anapiga picha huku anasema kata. Huwezi kumpinga mtu mzima wa miaka 50 aliyekuleta na gari lake. Mimi nafika nahema, natafuta waya kwenye giza, ndoana siifikii maana kichwa kiko upande wa maji na kila wimbi linakigeuza, na ile nyundo ni pana, ikikupiga miguuni unakaa chini. Nikakata waya kama shibiri moja kutoka mdomoni. Tangu dogo aseme "nyundo huyo" mpaka waya kukatika ni dakika sita na sekunde arobaini. Kichwani kwangu ilikuwa kama dakika mbili, ningeweza kuapa mahakamani.

Afu kosa lingine ambalo hatukulijua hata kama ni kosa mpaka baadae. Kumrudisha majini tulimvuta mkia. Papa hana mbavu, ndani mle viungo havina kitu cha kuvishikilia zaidi ya maji, ukimweka mchangani uzito wake mwenyewe unamkandamiza, ukimvuta mkia unavuta uti wa mgongo wa gegedu uliobeba kilo mia na kitu. Na ukimrudisha kinyumenyume maji yanaingia kwenye matamvua kwa mlango wa kutokea. Tulivyofika kiunoni tukamgeuza, akakaa kidogo, akapiga mkia mara mbili, akainama ubavu akaingia gizani. Tukashangilia. Kwenye video dogo peke yake hashangilii, anauliza, "mbona kaenda upandeupande?" Jamaa akamjibu ndo wanavyoogelea. Na kweli, hilo ni kweli, nyundo wakubwa huogelea wameinama ubavu, imeshathibitishwa kwa vifaa walivyofungwa mapezini. Kwahiyo alisema kweli kwa wakati usiofaa.

Sasa nani alimuua. Tumebishana sana hili, na bado.

Jamaa anasema mkasi. Yaani mimi. Kwamba mkasi ungekuwa kiunoni mwangu dakika sita zingekuwa moja. Sikatai, ila mtu aliyesema "picha moja tu" hana haki ya kuanza na mkasi. Dogo anasema sheria ingefuatwa neno kwa neno papa angekuwa hai. Hapa namheshimu ila simkubalii. Nimejaribu kuziondoa zile dakika sita zote, nikafikiria kwamba mkasi ulikuwepo, picha hakuna, matamvua hayakutoka majini hata sekunde. Bado anabaki papa nyundo aliyepigana saa moja na dakika ishirini kwenye vifaa vidogo. Kwa ninavyoelewa mwili wa huyu samaki, alifika kwenye mfereji akiwa ameshaumia vibaya, sisi dakika sita zetu tulimsindikiza tu. Na sehemu hiyo yote, ile saa moja na dakika ishirini, ilikuwa halali. Kibali kipo, ndoana ya duara ipo, hakuna aliyevunja kitu. Ile kozi inakufundisha vizuri sana kuhusu dakika za mwisho, ila hesabu ya kulinganisha kichwa cha samaki unachokitia kwenye ndoana na kilo za breki ya rili yako unabaki nayo wewe mwenyewe saa mbili usiku ufukweni huku mwenzio anakwambia hakuja kuangalia nyota.

Wanaolenga nyundo kwa makusudi kule wanatumia rili nene kama sufuria, uzi wa ratili 80 mpaka 130, mkanda wa kiunoni, watu wanne kila mtu na kazi yake ameshaambiwa kabla. Mimi hata hao siwashangilii, kama unajua huyu samaki hana ustahimilivu sioni kwanini umtafute. Ila angalau kwao inakwisha kwa dakika, sio kwa saa. Sisi tulikuwa katikati, na katikati ndo pabaya. Na sio kwamba nasema watu waache kuvua papa ufukweni kabisa, yule ncha nyeusi wa dakika tisa naamini alikwenda kula chakula chake cha usiku.

Baada ya dogo kumkuta asubuhi alipiga simu mwenyewe kuripoti kabla hata hajaniambia mimi. Tulihojiwa, tukaonyesha video yote bila kukata, na nilipomwona ofisa anaangalia ile sehemu ya "picha moja tu" nilitamani mchanga unimeze. Yaliyofuata baada ya hapo ni ya kwetu.

Tulichobadilisha ni kidogo sana. Mkasi siku hizi uko kiunoni kwa dogo umefungwa kamba, akienda kukojoa unaenda nae. Kayaki hatubebi. Chambo hakizidi kiganja cha mkono, na kikitupwa ni kwa mkono, kisipofika basi. Kabla ya kuanza tunasema kwa sauti saa ya kukata ni dakika ya ishirini, aliyeshika fimbo hana kura. Mara ya mwisho tumeenda wawili tu, mimi na dogo, tukapata ncha nyeusi mmoja na mikizi kadhaa ya kukaanga.

Jamaa wa Mombasa bado anasema ni mkasi. Ile rili ya 8000 iko kwangu stoo tangu asubuhi ile, nimempigia mara mbili aje aichukue, anasema atapita.